Ada za maghala ya mazao (Marekani)

Ada za maghala ya mazao ni malipo yanayotozwa wenye maghala waliopewa leseni na serikali kuu ya Marekani, ili kugharimia usimamizi wa maghala hayo. Msingi wake ni Sheria ya Maghala ya mwaka 1916, iliyofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2000. Leseni hiyo ni ya hiari. Asiyeitaka hufuata sheria za jimbo lake. Mwenye leseni hulipia utoaji wa leseni, ukaguzi, na ada ya mwaka inayotegemea ujazo wa ghala. Wakaguzi wa Wizara ya Kilimo huhakiki kama nafaka, pamba au mazao mengine yaliyohifadhiwa yanalingana na stakabadhi zilizotolewa, kwa kuwa benki huzipokea stakabadhi hizo kama dhamana ya mikopo.