Nasaba za Zombe na Mke Asiyeandikwa

Mtu atokaye Zombe, mashariki ya mji wa Kitui, penye ardhi kame iteremkayo kuelekea Mto Tana, akiulizwa ni nani walioanzisha ukoo wao mahali pale, aghalabu hutaja mwanamume mmoja aliyehama na mifugo yake kutoka vilima vya magharibi, kisha hutaja wanawe, na wana wa wanawe, mpaka amejifikia mwenyewe. Jina la mke aliyejenga naye, akalima shamba la kwanza na kuteka maji kwa kuchimba mchanga wa mto uliokauka, huja nyuma kwa kusitasita, au haliji kabisa.

Wakamba wa Kitui hushikilia kwamba wazee wao walivuka Mto Athi wakitoka Mbooni, na kutoka milima ya kati ya Kitui kuenea kwao mashariki hakukuwa kwa jeshi wala kwa amri ya mtawala, bali kwa nyumba moja moja. Vijana walitangulizwa na ng'ombe weuni, yaani kwenye malisho yasiyo na mwenyewe, wakafanya kyengo, kambi ya mifugo. Mvua ziliponyesha vema mke akafuata na mbegu, na kambi ikageuka maskani. Na kwa kuwa katika desturi ya Kikamba aliyetangulia kufyeka pori ndiye mwenye haki ya shamba lile, kumjua mtangulizi si fahari tu ya wajukuu, ni suala la mali.

Maandishi ya Serikali hayamsaidii sana mwenye kumtafuta mke huyu. Sheria ya kodi ya nyumba ya mwaka 1901 ilimtoza mwanamume kwa idadi ya nyumba zake, na maadamu kila mke alikuwa na nyumba yake, karani aliyeandika kuwa fulani ana nyumba tatu alikuwa, bila kukusudia, amewaandika wanawake watatu pasipo majina. Kipande, yaani cheti cha kujitambulisha, kilichokuja baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kilikuwa cha wanaume. Sensa kamili ya kwanza ya Waafrika wa Kenya haikufanywa mpaka 1948, wakati ambapo wengi wa watangulizi hao walikwisha kufariki. Majalada ya wilaya yaliyosalia yamehifadhiwa Nairobi, katika Nyumba ya Nyaraka za Taifa, jengo lililokuwa zamani la Benki ya India, na mtafiti mwenye saburi atakuta humo machifu, njaa, kesi za mifugo na malalamiko ya kodi. Wake za watu ni nadra.

Wala asidhani msomaji kuwa upungufu huu ni wa Afrika peke yake. Wamarekani watafutao wazee wao waliovuka milima kwenda kufyeka misitu ya Kentucky na Tennessee hugonga ukuta uo huo, kwani sensa za nchi yao tangu 1790 hata 1840 ziliandika jina la mkuu wa nyumba tu, na mkewe akawa tarakimu katika safu ya wanawake. Ilipofika 1850 ndipo kila mtu huru alipoandikwa kwa jina lake. Hao angalau walikuwa na Biblia za nyumbani, zenye kurasa za kuandika ndoa na vizazi. Huku Ukambani madaftari ya ubatizo yalikuja pamoja na misheni, Walutheri wa Kijerumani huko Ikutha mwaka 1891 na Wamarekani wa Africa Inland Mission huko Nzaui mwaka 1895, na yawahusu wale tu walioingia dini.

Basi yabaki mapokeo, na kwa rai yangu mapokeo ya Wakamba ni daftari bora kuliko watu wanavyolidhania, mradi msomaji ajue kulisoma. Kwa desturi, binti wa kwanza wa mwanamume hupewa jina la mama wa baba yake. Kwa hiyo, mzee akiwa na wana wengi kwa wake wengi, waulizwe wajukuu majina ya mabinti wa kwanza wa kila mwana: ndugu ambao mabinti wao wa kwanza wanashiriki jina moja, dhahiri walikuwa wa nyumba moja, na jina lenyewe ndilo la yule bibi aliyesahauliwa. Njia iyo hiyo ina mtego wake. Wayua ni jina la msichana aliyezaliwa wakati wa njaa, na mtu mwepesi wa kuamini akilikuta katika shajara ya ukoo atakimbilia kusema kuwa mwenye jina alizaliwa katika njaa ya Ngomanisye, iliyoiteketeza nchi mwishoni mwa karne ya 19. Ilhali huenda njaa ile ilikuwa ya bibi yake, na mjukuu alizaliwa mwaka wa neema akarithi jina tu.

Njia ya pili ni ugomvi. Ndoa ya Kikamba haikamiliki bila mbuzi wa ntheo, na siku mirathi inapogombaniwa, jambo la kwanza kuulizwa na wazee, na hata na majaji wa Serikali, ni kama mbuzi wale walitolewa, na nani, na kwa baba yupi. Hapo ndipo mke aliyenyamaziwa na kila karani hutajwa hadharani kwa jina lake, ukoo wake na mahali alikotoka. Familia zilizoishi kwa amani huwa na nasaba fupi.

Liko pia jambo la iweto, ambalo huwapotosha wageni kuliko yote. Mke asiyejaliwa mtoto wa kiume aliweza kutoa mahari kwa mali ya nyumba yake, akamwoa mwanamke mwingine, na watoto wa huyo wakahesabiwa kuwa wa nyumba ile na kurithi ardhi yake. Mtafiti asiyeijua desturi hii, akifika penye kizazi kama hicho, huandika kwamba baba hajulikani na kulikata tawi zima, hali kijiji kizima chamjua mama aliyetoa mahari, na mashamba ya watoto wale yana mipaka iliyotambuliwa na kila jirani.