Mu, ku na "in": mpaka ulivyoleta Kiingereza Ngara

Boma la Wajerumani bado lipo Biharamulo. Wangeshinda Vita Kuu ya Kwanza, pengine watoto wa huku wangekuwa wanahangaika na Kijerumani. Wakashindwa. Mwingereza akapewa Tanganyika, Mbelgiji Rwanda na Burundi. Bugufi, iliyokuwa chini ya mwami wa Burundi, ikabaki kwa Mwingereza. Leo ni sehemu ya Ngara. Basi mtoto wa Bugufi akafundishwa "in", binamu yake ng'ambo "dans", na nyumbani wote wawili wanasema "mu".

Tangu 1967 shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, sekondari Kiingereza. Mwanafunzi akifika kidato cha kwanza anaambiwa lugha yake ina "-ni" tu, ndiyo maana "in", "at" na "to" zinamchanganya. Si kweli hata kidogo! Sikiliza: nyumbani mwangu, nyumbani pangu, nyumbani kwangu. Mwangu ni ndani, kama "in". Pangu ni mahali hasa, kama "at". Kwangu ni upande au uelekeo, mara nyingi "to". Mzungumzaji wa Kihangaza, chenye mu na ku zake, tofauti hiyo amenyonya na maziwa.

Ugumu upo kwingine. Sisi tunasema natoka sokoni, naenda sokoni, nipo sokoni. Neno sokoni halibadiliki. Kitenzi ndicho kinachobeba safari. Mwingereza kaugawa mzigo huo: "from the market", "to the market", "at the market". Tukitafsiri neno kwa neno, "kuolewa na" inazaa "married with" badala ya "married to", na "kujadili kuhusu" inazaa "discuss about", wakati "discuss" haitaki kitu katikati.

Mambo madogo? Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka Rusumo kuingia Ngara ndani ya siku moja hivi. Mashirika ya kimataifa yakaja, na Kiingereza kikawa lugha ya ajira. Kwenye ripoti ya namna hiyo, "food to the camp" na "food from the camp" ni lori moja linaloelekea pande mbili, na mwenye njaa yuko upande mmoja tu.

Kwa hiyo mwalimu wa Ngara asianze na orodha ya kukariri. Aanze na mwangu, pangu na kwangu, kisha aulize: hapa, nani anabeba safari?