Paa la Bati Njombe: Nyumba Iliyosema Fedha Ilikotoka

Katika The Great Gatsby, riwaya ya F. Scott Fitzgerald iliyochapishwa Marekani mwaka 1925, tajiri kijana anaishi katika jumba kubwa kando ya maji, ng'ambo ya nyumba ya mwanamke anayemtamani. Wageni hujazana humo, hula na kunywa hadi alfajiri, na hakuna anayejua sawasawa mwenyeji wao alichuma wapi. Fedha hizo zimetokana na pombe iliyopigwa marufuku na biashara nyingine za gizani, na fahari ya jumba inasaidia kulifunika jambo hilo. Wahakiki wameisoma sana nyumba hiyo kama alama ya tabaka, na wamefanya vyema. Lakini anayeifanya kuwa kipimo cha kila nyumba ya mwenye nacho atapotea, na Njombe inaonyesha vizuri atakavyopotea. Katika nyanda hizi za baridi, kutoka Makambako hadi Uwemba na Lupembe, paa la bati lilikuwa kwa miongo mingi alama iliyo wazi kuliko zote ya mtu aliyefanikiwa. Ninadai kwamba alama hiyo haikuficha chanzo cha fedha hata kidogo. Kila jirani alikijua, kwa sababu fedha za kununulia bati zilichumwa mbali, na zilichumwa mbali kwa sababu nyumbani njia za kuzichuma zilikuwa zimezibwa.

Tabaka lenyewe halikuletwa na Wazungu. Wabena, wenyeji wa Njombe, walikuwa na watwa wao, yaani watawala, na walikuwapo watu wa kawaida na mateka wa vita. Lakini ukubwa wa mtwa ulipimwa kwa watu waliomfuata na ng'ombe aliowagawa. Nyumba yake iliweza kuwa kubwa kuliko za wengine, ila miti, udongo na nyasi zake vilitoka katika ardhi ile ile iliyomjengea raia wake. Utajiri wa namna hiyo ulivunjwa kwa mapigo yaliyofuatana: mashambulizi ya Wangoni na Wahehe, sotoka iliyomaliza ng'ombe wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, kisha Vita vya Maji Maji. Septemba 1905 wapiganaji wa mtwa Mbeyela walikishambulia kituo cha misheni cha Yakobi, wakashindwa. Wajerumani walijibu kusini kote kwa kuchoma vijiji na chakula, na njaa ikaua waliosazwa na risasi. Anayetafuta mwanzo wa tabaka jipya la Njombe aanzie hapo, katika nchi iliyonyang'anywa akiba yake ya zamani kabla haijapewa njia ya kujipatia nyingine.

Njia iliyopewa ilikuwa moja. Sheria ya Wajerumani ya mwaka 1897 ilitoza kodi kwa nyumba, na Waingereza wakaendelea na kodi ya nyumba na ya kichwa kwa sheria yao ya mwaka 1922. Kwa hiyo nyumba ilikuwa kitu cha kwanza ambacho serikali ilikihesabu kwa Mbena: kabla ya kuwa alama ya fahari, ilikuwa alama ya deni. Shilingi za kulipa deni hilo zilipatikana katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, ambako vijana wa Njombe walikwenda kwa mikataba, wakaitwa manamba. Kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na chombo chao cha kuajiri, SILABU, na Njombe ikawa miongoni mwa maeneo kilikochota watu. Mwanahistoria James Giblin, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu watu wa Njombe, anawaita waliotengwa. Anaonyesha jinsi utawala wa kikoloni ulivyowaweka nje ya masoko na kuwabakiza kuwa hazina ya nguvukazi. Kuna atakayejibu kwamba hapakuwa na hila yoyote, kwamba Njombe ilikuwa mbali na reli na mazao yasingefika sokoni. Umbali ulikuwapo kweli, lakini hautoshi kuwa maelezo. Walowezi wa Mufindi walilima chai katika nyanda hizo hizo, na ilipofika mwaka 1949 shirika la maendeleo ya makoloni la Uingereza lilianzisha Njombe kampuni ya miwati, TANWAT, iliyokamua dawa ya kulainishia ngozi kutoka katika magome ya miti. Ardhi ilikuwa na rutuba, mvua ilinyesha, na barabara ilitengenezwa pale mwenye kuihitaji alipokuwa mzungu au kampuni. Aliyefikiwa na umbali huo peke yake alikuwa mkulima mwenyeji.

Hapo ndipo nyumba ya Njombe inapoachana na jumba la Gatsby, na hata na kasri tunalolijua katika fasihi yetu. Katika Kasri ya Mwinyi Fuad, riwaya ya Shafi Adam Shafi ya mwaka 1978, jumba la bwana shamba wa Unguja linasimama juu ya jasho la watumishi, mwenye jasho akiwa mmoja na mwenye jumba mwingine. Njombe wote wawili walikuwa mtu mmoja. Kijana aliyekuwa namba tu katika kambi ya mkonge, wa mwisho katika ngazi nzima ya uchumi wa kikoloni, alirudi kwao akawa mtu wa kutazamwa. Nisitie chumvi: manamba wengi hawakurudi na bati. Walirudi na blanketi, mavazi, na kodi iliyolipwa. Mwenye bahati alirudi na baiskeli. Bati lilikuja zaidi kwa walimu, wainjilisti, makarani, na wale wachache walioupeleka mshahara wao katika biashara. Lakini mwalimu naye alipata mshahara wake kutoka misheni au serikalini, na mfanyabiashara aliuza bidhaa kwa waliotoka mkongeni. Ukifuata shilingi ya bati lolote la miaka ya 1940 au 1950 nyuma kidogo, mara nyingi utamkuta mtu aliyefanya kazi katika ardhi isiyo yake.

Kuna pingamizi zito zaidi, kwamba bati ni kifaa tu: halivuji, haliungui kirahisi, hudumu miaka mingi, na sisi wasomi tunalibebesha maana lisizokuwa nazo. Pingamizi hili lingekuwa na nguvu zaidi mahali pa joto. Njombe mjini iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai baridi yake huuma. Paa la nyasi hushikilia joto la moto unaowaka ndani na kuachia moshi upenye taratibu. Bati hupitisha baridi usiku kucha, na mvua ikinyesha watu hawasikilizani. Ndiyo maana nyuma ya nyumba nyingi za bati limebaki jiko la moshi, ambamo familia huketi jioni. Aliyenunua bati alikubali kulala kwa baridi zaidi, na hiyo ni dalili kwamba alinunua kitu zaidi ya kinga ya mvua. Nadhani kitu chenyewe kilikuwa uhuru wa namna fulani. Nyasi huoza, hubadilishwa kila baada ya miaka michache, na kuezeka kulihitaji majirani walioitwa, wakalishwa, wakanyweshwa ulanzi au pombe ya nafaka. Mtu mwenye bati hakuwahitaji tena kwa kazi hiyo. Aliweza kuwaalika akitaka, lakini paa lake lilisimama bila wao. Hilo, kwangu, ndilo badiliko kubwa la kitabaka, kubwa kuliko mng'aro wa bati lenyewe.

Wapo wanaosema kwamba Ujamaa uliyafuta hayo yote. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitambua vizuri nguvu ya nyumba, na ndiyo maana liliwakataza viongozi kumiliki nyumba za kupangisha. Lakini operesheni za kuhamishia watu vijijini, zilizopamba moto mwaka 1974, hazikuwakuta watu wakiwa sawa. Bati huezuliwa, hubebwa, huezekwa upya. Aliyekuwa na nyasi aliacha paa lake nyuma. Bidhaa zilipoadimika mwishoni mwa miaka ya 1970, mabati na saruji vilipatikana kwa kibali, na paa jipya likaanza kusema jambo jingine: mwenyewe anafahamiana na nani. Wakati huo huo Makambako ilikuwa inainuka. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyoanza kujengwa mwaka 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976, ilipita hapo na kukutana na barabara kuu ya Zambia na ile iendayo Songea. Wakinga kutoka Makete, ambao wazee wao walikuwa vibarua wa watu kama Wabena walivyokuwa, walifungua maduka na maghala. Mji huo uliopatikana njia panda uliwapa watu wa kusini kile walichonyimwa miaka hamsini: soko lililo karibu.

Nyumba za sasa zina bati za msauzi za rangi, madirisha ya aluminiamu na geti, na bei ya viwanja mjini ilipanda tangu Njombe ilipofanywa mkoa mwaka 2012. Hata hivyo siamini kwamba tabaka la Njombe linasomeka tena juu ya paa. Limehamia mashambani, katika miti. Milingoti, mipaina na sasa miparachichi imegeuza ardhi iliyodharauliwa kuwa mali, na hilo ni jambo jema kwa maelfu ya wakulima. Lakini mti wa mbao hutaka subira ya miaka kumi na zaidi, na anayedaiwa ada au gharama za hospitali hana subira hiyo. Huuza miti ikiwa michanga, au huuza na ardhi yenyewe, na mara nyingi mnunuzi anaishi Dar es Salaam. Watoto wa wauzaji, hasa wasichana, hupanda basi Makambako kwenda kufanya kazi za ndani katika nyumba za watu, kama babu zao walivyokwenda mkongeni. Tofauti ni kwamba bati la babu lilimtaja aliyelifanyia kazi, wakati shamba la miti halimtaji mwenyewe wala aliyeliuza. Hapo tumeanza kumkaribia Gatsby. Atakayeandika historia ya tabaka Njombe katika karne hii hatapata mengi kwa kutazama mapaa. Itambidi aombe ruhusa ya kusoma hati za mauziano ya ardhi katika ofisi za serikali za vijiji, moja baada ya nyingine.