Leza na Macho ya Askari: Silaha Iliyokatazwa Kabla ya Kuenea

Tarehe 13 Oktoba 1995, mjini Vienna, wajumbe wa mataifa walipitisha katazo ambalo mtu akilisikia mara ya kwanza hushangaa. Sheria za vita humruhusu askari kumuua askari wa upande wa pili kwa risasi au kwa mzinga. Siku hiyo zilimkataza kumpofusha kwa leza.

Leza ya kwanza iliwaka Mei 1960 huko Malibu, California, pale Theodore Maiman alipomulika kijiti cha yakuti kwa taa kali ya mpiga picha. Majeshi hayakukawia. Kufikia 1972 mabomu yaliyoongozwa kwa leza yalikuwa yakiangusha madaraja ya Vietnam, na mwaka 1983 Rais Reagan aliwaahidi Wamarekani ngao ya kuzuia makombora ya nyuklia, ambayo leza zilitarajiwa kuwa sehemu yake. Ngao ile haikujengwa. Lakini mwale usio na nguvu ya kutoboa bati una nguvu tele ya kuunguza jicho.

Jicho lenyewe ndilo humsaidia mshambuliaji. Lenzi yake hukusanya mwanga na kuuongezea makali hadi mara 100,000 unapofika kwenye retina. Kope huchukua kama robo sekunde kufumba, na mpigo wa leza huwa umeshamaliza kazi. Mwale ukiwa wa aina isiyoonekana, askari hajui hata kama amelengwa. Akiwa anatazama kwa darubini, madhara huzidi. Retina iliyoungua haiponi.

Kupofusha kulikuwa na maana yake tangu zamani. Waandishi wa kale wanasimulia kwamba mwaka 1014 Kaisari Basil wa Pili wa Byzantium aliwatoboa macho maelfu ya mateka wa Bulgaria, akamwachia mmoja katika kila mia jicho moja ili awaongoze wenzake kurudi kwao. Mfalme wao Samuel alipowaona alianguka, na muda si mrefu akafa. Basil angeweza kuwaua wote. Aliwataka warudi wakiwa hai, waonekane sokoni na majumbani kila siku. Maiti huzikwa na matanga huanuliwa, lakini kitisho hiki kilikusudiwa kukaa na jamii kwa miaka mingi.

Hapo ndipo naiona hoja ya Vienna. Kipofu si mtu aliyekwisha: askari waliopofuka katika Vita Kuu ya Kwanza walijifunza Braille, upigaji chapa na ukandaji wa misuli kwenye kituo cha St Dunstan's, London, kilichoanzishwa 1915. Risasi inaweza kujeruhi tu, na jeraha likapona. Silaha ya kupofusha imeundwa ili ulemavu wenyewe uwe ndiyo shabaha, na ulemavu huo humfuata mtu nyumbani vita vikishakwisha.

Sweden na Uswisi zilianza kulisema jambo hili mwaka 1986. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ikawaita madaktari wa macho, wataalamu wa saikolojia na wanajeshi, na katika mikutano ya 1989 hadi 1991 ikakusanya ushahidi wa kitabibu. Nawapa heshima kubwa watu wale, kwani walipigania wagonjwa ambao hawakuwapo bado. Mwaka 1995 wenyewe silaha ilikuwa mlangoni: kampuni ya China ilionyesha leza ya kupofusha katika maonyesho ya silaha Manila, na Marekani ilikuwa na yake ya kubebwa na askari. Septemba Marekani, iliyokuwa ikilipinga katazo, iligeuza msimamo. Mwezi uliofuata ikaufuta mradi wake. Itifaki yenye katazo hilo ilianza kutumika Julai 1998.

Sasa leza zimerudi kwa kazi nyingine. Meli ya Marekani USS Ponce ilibeba ya kilowati 30 katika Ghuba mwaka 2014. Uingereza inasema mpigo mmoja wa leza yake ya DragonFire hugharimu chini ya pauni 10, bei inayovutia mno palipo na makundi ya droni. Droni haina jicho la mtu, kwa hiyo itifaki haiigusi. Rubani anayo macho, na baharia wa meli ya jirani pia. Lakini upofu unaotokea kama athari ya pembeni ya matumizi halali umeachwa nje ya katazo, na itifaki yenyewe haina kifungu cha ukaguzi. Mataifa yaliyoiridhia yanapaswa kuanzia hapo, sasa, kabla mitambo hii haijawa ya kawaida kwenye kila manowari.