Kitabu Mkononi mwa Wengi: Historia ya Kupokezana Maandishi ya Kiswahili

Katika mijadala kuhusu usomaji Afrika Mashariki, kauli moja imerudiwa mno hata ikakaribia kuchukuliwa kuwa ni ushahidi: kwamba watu hawasomi. Wanaoitoa kauli hiyo aghalabu huwa wamehesabu nakala zilizouzwa. Makala haya yanadai kwamba mizani hiyo haifai. Kitabu cha Kiswahili, tangu zama za miswada ya hati za Kiarabu, kimeishi zaidi kwa kupokezwa kuliko kwa kununuliwa. Mtu hukisoma, akakipenda, akamtajia mwenziwe. Naye huyo hukiazima, hukinakili au huketi akasomewa. Historia ya usomaji isiyoufuata mnyororo huu huwa ni historia ya maduka ya vitabu tu.

Tuanze na miswada. Utendi wa Tambuka, ambao mswada wake wa mwaka 1728 ni miongoni mwa mikongwe zaidi iliyosalia katika ushairi wa Kiswahili, haukupigwa chapa na yeyote katika enzi yake. Ulinakiliwa kwa mkono. Kunakili utendi wenye mamia ya beti ni kazi ya kuchosha, na haimkiniki kwamba mtu angeifanya, au angemlipa katibu aifanye, iwapo hakuuonea utendi huo thamani. Kwa hivyo kila nakala iliyotufikia ni hukumu ya kihakiki: kuna aliyeyapima maandishi akaona yanastahili wino. Uhakiki wetu umezoea kuanzia pale profesa anapoingia; ulikuwapo kabla yake.

Mfano ulio wazi zaidi ni Utendi wa Mwana Kupona. Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, aliutunga mwaka 1858 akiwa mgonjwa, akimwusia bintiye, Mwana Hashima. Kwa umbo lake ni wasia wa nyumbani, maneno ya mama kwa mtoto mmoja. Hata hivyo, ulipochapishwa mwaka 1934 kwa juhudi za Alice Werner na William Hichens, ulikuwa umekwisha kutoka zamani katika nyumba hiyo moja na kupendwa na wanawake wa Lamu. Wahakiki wamebishana sana iwapo utendi huu unamtweza mwanamke au unamfunza hila za kuishi katika jamii ya wanaume. Ni mjadala wa haki. Lakini swali la kwa nini wanawake wenyewe waliupokea na kuupitisha halijapewa uzito uleule, ilhali huenda ndilo lingetuonyesha waliusomaje. Msomaji anayemkabidhi mwenziwe maandishi huwa ameyafasiri tayari, hata kama hakuandika tasnifu.

Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yalipita njia nyingine. Muyaka alifariki mwaka 1840. Diwani yake ikatolewa na Hichens mwaka 1940, karne nzima baadaye. Katika pengo hilo beti zake zilikaa vifuani mwa watu, mpaka Mwalimu Sikujua bin Abdallah, akishirikiana na W. E. Taylor, alipozikusanya mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Zilizosalia ni zile ambazo wenyeji wa Mvita walizipenda kiasi cha kuzikariri. Zilizosahauliwa hatuwezi kuzihakiki. Baadaye Muhamadi Kijumwa wa Lamu, katibu hodari na mtunzi kwa haki yake, alinakili tendi nyingi kwa ajili ya wataalamu wa Kizungu, na mnyororo ukabadili mwelekeo: nakala ikawa haiendi tena kwa jirani bali London na Hamburg. Twapaswa kumshukuru Kijumwa, maana pasi naye mengi yangepotea. Hata hivyo msomaji aliyemnakilia hakuwa tena yule wa barazani.

Zama za chapa hazihitaji maelezo marefu, kwa kuwa zimeandikwa sana. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza Tanganyika mwaka 1923, liliwapa wasomaji ukurasa wa kujibizana kwa mashairi. Shirika la East African Literature Bureau, lililoundwa mwaka 1948, lilichapisha vitabu, likavisambaza na kuendesha mashindano ya uandishi. Mashindano yake ya 1957-58 ndiyo yaliyomtoa Muhammed Said Abdulla na Bwana Msa wake, katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960).

Penye utajiri zaidi ni miaka iliyofuata uhuru. Mwaka 1968 kijikaratasi cha Abdilatif Abdalla, Kenya: Twendapi?, kilimtia mwandishi wake gerezani kwa miaka mitatu. Serikali, tofauti na wahakiki, ilielewa vyema nguvu ya karatasi inayopita mkono kwa mkono. Mashairi aliyoyatunga kifungoni, mengine kwenye karatasi za chooni, yalitolewa nje kwa siri kabla ya kuwa diwani ya Sauti ya Dhiki (1973), ambayo nayo, kwa kinaya kisichohitaji ufafanuzi, ilitunukiwa tuzo yenye jina la Jomo Kenyatta. Huko Tanzania, Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi ilipigwa marufuku shuleni. Marufuku haikuizuia kuwa miongoni mwa riwaya za Kiswahili zinazojulikana zaidi.

Katika mwongo huohuo Willy Gamba wa Elvis Musiba aliingia uwanjani katika Kufa na Kupona (1974). Kazi za aina hii wahakiki wameziita fasihi pendwa. Istilahi hiyo yashangaza: imezitaja kwa mapenzi ya msomaji, kisha ikayafanya mapenzi hayo kuwa sababu ya kuzidharau. Ni kweli kwamba nyingi zina wahusika bapa na matukio ya kubahatisha. Lakini mhakiki anayezipuuza hana budi kueleza ni vipi kitabu ambacho hakuna mwalimu aliyekiagiza kilipata wasomaji.

Agizo la mwalimu ndilo lililoshika nafasi ya pendekezo la rafiki nchini Kenya baada ya Kiswahili kufanywa somo la lazima na la kutahiniwa chini ya mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985. Faida yake haikanushiki: fasihi ya Kiswahili ilipata wasomaji wengi ambao isingewapata vinginevyo, na waandishi wakapata wachapishaji. Ila riwaya ikawa swali la mtihani, na pembeni yake ukazuka mwongozo, kitabu kinachomwondolea mwanafunzi haja ya kukisoma kitabu.

Pamoja na hayo, mnyororo haukukatika. Mtafiti atakayetaka kuuchunguza anaweza kuanza na vitabu vikuukuu vinavyouzwa kandokando ya barabara za Nairobi, ambavyo ukurasa wake wa kwanza hubeba majina matatu au manne, kila moja limekatwa kwa kalamu na kuandikwa jingine chini yake.