Vitabu vya wapelelezi: bei London, deni Zanzibar

Tangu Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aombe msamaha Songea Novemba 2023, gumzo la kurudishiwa mali zetu halijapoa. Yanatajwa mafuvu ya mashujaa, inatajwa mifupa ya dinosaria wa Tendaguru iliyoko Berlin. Vitabu havitajwi. Labda kwa sababu havikuporwa: wazungu waliviandika wenyewe, wakavichapa kwao, na hadi leo wanauziana wao kwa wao. Ila ndani yake tumo sisi, na pengine tumo tukidai.

Safari inayotafutwa zaidi na wakusanyaji inajulikana. Wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Speke walifika Zanzibar Desemba 1856, wakaondoka pwani ya Kaole Juni 1857, wakaliona Ziwa Tanganyika Februari 1858. Agosti mwaka huo Speke akafika Ziwa Nyanza (Victoria) bila mwenzake. Chanzo cha Nile kikawagombanisha hadi Septemba 1864, Speke alipokufa kwa risasi ya bunduki yake siku moja kabla ya mdahalo wao mjini Bath.

Ugomvi huo umeandikiwa vitabu rafu nzima. Wa pili, wa ujira, umesahauliwa, ilhali Burton mwenyewe aliuchapa mwishoni mwa The Lake Regions of Central Africa, juzuu mbili zilizotolewa London mwaka 1860.

Msafara uliongozwa na Said bin Salim, Mwarabu wa Zanzibar. Pamoja naye walikuwamo watu wa Ramji, karani Mhindi wa forodha. Hao walikuwa watumwa wake aliowakodisha. Konseli wa Uingereza, Atkins Hamerton, ndiye aliyetoa ahadi za malipo, kisha akafariki Julai 1857, msafara ukiwa ndiyo kwanza umeanza. Waliporejea Machi 1859 ofisini alikuwapo konseli mpya, Christopher Rigby. Burton akapanda chombo akaenda zake, na wadai wakabaki mlangoni kwa Rigby.

Rigby aliandikia serikali ya Bombay. Kwa maelezo yake, Said alikuwa ameahidiwa reale 1,000 na saa ya dhahabu akiwafikisha wageni ziwani na kuwarudisha salama. Burton alijibu kwa ukali: ahadi ilikuwa na sharti la mwenendo mwema, na watu wale walikuwa wakaidi na watoro. Ramji, alisema, alikwisha kulipwa. Speke akaegemea upande wa Rigby, na wakubwa wakamkemea Burton kwa kuondoka bila kuiarifu serikali juu ya madai hayo. Jambo moja lanifanya nimtilie shaka Burton: mwaka 1860 Speke aliporudi, alimpa Said yule yule kazi ile ile ya kuongoza msafara. Mkaidi gani huajiriwa mara mbili?

Kitabu kingine cha Burton nacho kina mkasa. Muswada kuhusu Zanzibar aliuacha kwenye ofisi ya konseli upelekwe Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia, London. Ukaishia Bombay, ukafungiwa sandukuni kwa miaka, na haukumrudia hadi 1865. Ndiyo maana Zanzibar; City, Island, and Coast ilitoka 1872, wakati Speke yuko kaburini na hawezi tena kujibu.

Leo matoleo hayo ya kwanza ni mali ya wenye fedha. Quentin Keynes, kitukuu cha Charles Darwin, alikusanya vitabu na barua za Burton maisha yake yote. Alifariki 2003, na mwaka uliofuata maktaba yake ikapigwa mnada na Christie's. Mnada wa vitabu vya Afrika Mashariki vya Humphrey Winterton ulifanywa na Sotheby's 2003, na picha zake zaidi ya 7,000 ziko Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani. Vitabu vilivyokuwa vya Burton mwenyewe vinatunzwa California, katika Maktaba ya Huntington.

Na kwetu? Maktaba ya McMillan, Nairobi, ilifunguliwa 1931 na Mwafrika hakuruhusiwa kuingia hadi 1958. Waafrika walipofunguliwa mlango, walirithi jengo lenye vitabu vingi na fungu dogo la kuvitunza. Hata simulizi tulizosimulia wenyewe zilichapwa kwanza ugenini: Safari za Wasuaheli, Göttingen 1901; maisha ya Tippu Tip, Berlin 1902 na 1903.

Sidhani kama serikali zetu zifukuzane na matajiri minadani. Zinunue rafu, dawa ya mchwa na mashine za kunakili kurasa, na zimlipe mtunza maktaba mshahara unaomweka kazini. Nawe msomaji usisubiri: The Lake Regions inasomwa bure intanetini. Fungua juzuu ya pili, uruke hadi Kiambatisho cha Pili, usome madai ya Said bin Salim.