Lantana Upareni
Nafuga ng'ombe Mbaga, juu ya Same, na lantana naijua kwa harufu yake kali ukifikicha jani. Asili yake ni Amerika ya kitropiki; Waholanzi waliipeleka Ulaya karne ya 17, kisha walowezi wakaitawanya makolonini iwe uzio na pambo. Naelewa walivyopendezwa: kichala kimoja kina vijiua vya njano katikati na vyekundu pembeni. Lakini ndege hula matunda yake meusi na kuangusha mbegu kwenye mashamba yaliyolala. Ng'ombe akiila, ini huharibika, ngozi nyeupe ikababuka juani. Kuona hivyo kunaniuma sana. Tunaing'oa wakati wa mvua, udongo ukiwa laini, maana kisiki kikibaki huchipua tena.